Mwezi wa Daktari wa Meno

Ukiona kwenye kiwambo cha kukunja cha Kijapani duara dogo, upana wake sentimita 7 hivi, limekaa usawa wa kiuno pembeni kabisa mwa paneli, na dhahabu yake haifanani na dhahabu ya jirani, usianze kutunga shairi. Huo si mwezi. Hapo palikuwa na kishikio cha mlango.

Viwambo vya paneli mbili vinavyouzwa Kyoto, si vichache ambavyo havikuzaliwa viwambo. Vilikuwa fusuma, ile milango ya kuteleza inayogawa vyumba vya tatami, yaani mikeka minene ya Kijapani: fremu ya fito za mbao iliyowambwa karatasi pande zote mbili. Nyumba ikivunjwa, mlango wenye picha nzuri hautupwi. Unapunguzwa kingo, unaunganishwa na mwenzake kwa bawaba za karatasi, tundu la kishikio linazibwa na juu yake inabandikwa dhahabu. Milango miwili ya kupishana huwa na vishikio kwenye kingo za nje, wa kulia upande wa kulia na wa kushoto upande wa kushoto. Ikishageuzwa kiwambo, unapata maduara mawili ya usawa mmoja, kila moja kwenye mwisho wake.

Biashara hiyo ilichangamka baada ya 1868, Serikali ya Meiji ilipoamuru Ushinto utenganishwe na Ubudha. Mahekalu mengi ya Kibudha yalibomolewa, mwaka 1871 ardhi zao zikachukuliwa, na picha zikaingia sokoni kwa bei ya kutupa. Sheria ya kulinda mali za mahekalu na madhabahu ya kale ilikuja 1897. Kufikia hapo wakusanyaji Wamarekani akina Ernest Fenollosa na William Sturgis Bigelow walikuwa wameshajaza makasha yaliyoishia Boston.

Bosi wangu, ambaye duka lake silitaji maana bado nakula mshahara wake, anayajua haya yote usingizini. Mimi mbebaji wake nayajua. Hata kijana anayetuletea vifungashio anayajua. Asiyeyajua alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na pesa.

Alikuwa daktari wa meno mstaafu. Kule daktari, hata wa meno, huitwa Sensei mpaka anazikwa, kwa hiyo nasi tulimwita Sensei. Alishaona Tokyo kile kiwambo cha mchoraji Sakai Hoitsu chenye nyasi za kiangazi na za vuli, ambacho zamani kilikuwa mgongoni mwa picha ya miungu wa upepo na radi ya mchoraji Ogata Korin, na tangu siku hiyo akawa mgonjwa wa nyasi. Dukani kwetu akakuta cha paneli mbili, kimo sentimita 170, kila paneli upana wa karibu 90, nyasi za vuli juu ya dhahabu, hakuna saini. Akasimama mbele yake bila kupepesa.

“Mwezi unachomoza hapa,” akasema, kidole upande wa kulia, “na unazama kule.” Kidole kushoto. “Na mchoraji ameizungushia yote miwili ukungu. Akili gani hii!”

Kiwambo cha Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo nadharia ilikuwa na miguu yote minne. Bosi alimweleza kwa adabu kwamba kitu hiki asili yake ni milango, na akaliandika hilo kwenye risiti kwa maandishi madogo lakini yanayosomeka. Sensei akaikunja risiti, akaitia mfukoni na kuuliza kama mwezi wa kulia ni wa tarehe 13 au 15.

Tulimpelekea siku ya kutazama mwezi, ile sikukuu ya vuli. Kubeba kiwambo kuna amri zake. Saa, pete na mkanda wenye kichwa cha chuma vinabaki garini. Kinabebwa kimefungwa, picha ndani, kimefunikwa kitambaa cha pamba, kimesimama wima, watu wawili, na mikono inashika fremu ya laka peke yake. Kiganja hakiwekwi mgongoni kabisa. Mgongo ule ukiutazama utadhani ni ubao, kumbe ni karatasi iliyowambwa kama ngoma juu ya nafasi tupu kati ya fito. Ukikaza kidole kinatokea upande wa pili, na hapo umeshanunua. Nyumba za kale za Kyoto nazo zina mlango mwembamba na ujia mrefu, kila hatua tatu pana kizingiti. Tuliingia kwa mwendo wa maharusi.

Kukisimamisha ni suala la pembe. Cha paneli sita kina mikunjo mitano ya kukisaidia, kinavumilia ujinga mwingi. Cha paneli mbili kina mkunjo mmoja tu. Unakifungua nyuzi 90 mpaka 110 hivi, mkunjo wa kati ukiwa nyuma na kingo mbili zikiwa mbele, unahakikisha zote zimekaa sawa kwenye tatami, ndipo unaachia. Kadiri unavyokinyoosha ndivyo kitako chake kinavyopungua kina. Kikinyooka kabisa, kimesimama kwa unene wa fremu tu, chini ya sentimita 2, na kinachokizuia kuanguka ni heshima.

Sensei akatazama kazi yetu, akakunja uso. “Wageni watakaokaa kulia hawatauona mwezi wa kulia. Umegeukia pembeni.”

“Sensei, tukikinyoosha kitaanguka,” Bosi akamjibu.

“Nimesimamisha meno ya bandia maisha yangu yote kwenye vinywa vinavyotafuna. Nishindwe na karatasi isiyotafuna?”

Bosi akaongeza nyuzi chache, akafanya uso wa mtu aliyeongeza nyingi, tukaenda jikoni kunywa chai. Tuliambiwa tusubiri, maana sanduku la kuhifadhia kiwambo, la mbao ya kiri, lilikuwa bado kwa seremala na usiku huo tungekirudisha dukani. Tulipogeuza kisogo, Sensei akakinyoosha kama shuka.

Wageni walikuwa sita, wote wa rika lake, wamepiga magoti kwa adabu, makalio juu ya visigino. Pembeni kulikuwa na nyasi za susuki kwenye chungu, na mezani sinia la dango za sikukuu, vile vitonge vya unga wa mchele. Dango za Kyoto si zile za mviringo za Tokyo. Hizi zina umbo la kiazi cha jimbi na zimevalishwa kibwebwe cha anko, ule ugali mtamu wa maharage mekundu. Kumbuka anko. Inanata.

Mshairi wa genge lile alikuwa meneja wa benki mstaafu, mtu wa mwili uliolishwa vizuri. Alikaa kwenye magoti kuanzia kikombe cha kwanza cha sake, pombe ya mchele, hadi cha mwisho bila kubadilisha mkao, jambo ambalo hata mtawa angelifikiria mara mbili. Kisha akatoa upepeo wake, akasogea kwa magoti hadi kando ya kiwambo, akauelekezea mwezi wa kulia na kughani. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

Mwezi mdogo
wangoja mlangoni:
nani abishe?

Jikoni Bosi alipaliwa chai. Mlangoni! Mtu amepiga penye shabaha huku amefumba macho. Wenzake wakaguna kwa kuridhika, na mmoja akausifu zaidi ule ukungu unaozunguka mwezi, akisema wachoraji wa leo hawawezi kuupata.

Mshairi akainuka ili ainamishe kichwa. Miguu haikuinuka naye, ilikuwa imekufa ganzi zamani. Alipoona anakwenda, alishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni ukingo wa paneli ya kulia.

Tulisikia “Are, are, are!” tukatoka mbio. Kiwambo kinachoanguka hakizuiwi kwa kukikumbatia, ukikikumbatia unakimaliza. Unakimbilia pembe za juu na kuzishika kwa fremu. Mimi niliiwahi ya kushoto. Ya kulia Bosi aliikosa kwa urefu wa mkono, ikatua kwenye bega la mshairi, na bega lile, ashukuriwe aliyemlisha, likaipokea kama godoro. Picha haikuchanika hata uzi. Ila mtikisiko ulipita kwenye fremu nzima, tukasikia kitu kinasema “pok”, na mwezi wa kulia ukatoka angani, ukaruka juu ya meza na kutua katikati ya dango.

Palikuwa kimya, nyenje tu bustanini. Mke wa Sensei, Mkyoto wa kuzaliwa, akajifuta midomo na kusema taratibu, “Loo, leo mwezi umetua mapema.”

Mgeni mmoja mwenye miwani mizito, ambaye nafikiri hakuona lolote, akalichukua lile duara kwa vijiti vya kulia, anko imelishika chini, akalipeleka mdomoni. Niliita “Usile!” kwa Kiswahili. Sijui alielewaje, lakini alisimama. Kwa hakika ndani yake kulikuwa na mbao nyembamba, karatasi, gundi ya wanga wa ngano na dhahabu kiasi cha kuvuta pumzi. Mende angemaliza vyote akabakiza mbao.

Bosi akalipokea kwa kitambaa na kuligeuza. Upande wa nyuma, penye anko kidogo, palibandikwa gazeti. Herufi za chapa, tarehe imekatika nusu lakini inasomeka: mwaka wa 31 wa Meiji. Yaani 1898. Chini yake kulikuwa na tangazo la unga wa kusugulia meno.

Sensei alisahau mwezi, alimsahau na rafiki yake aliyekuwa bado amelala chini akisugua miguu. Akaingia chumbani, akarudi na kioo chake cha kukagulia meno na tochi ya kalamu, akapiga magoti mbele ya tundu. Nimewahi kuona mafundi wakikagua viwambo kwa lenzi, kwa taa za pembeni, hata kwa kunusa. Sijawahi kuona mtu akikiambia kiwambo, “Fungua zaidi.”

Kisha akageuka. “Uliniambia karne ya 18. Gazeti la 1898 limeingiaje?”

“Nilisema picha ni ya karne ya 18,” Bosi akajibu. “Kizibo sikukisemea.”

“Basi nakiziba mwenyewe. Nina saruji ya meno, haitoki miaka 20.”

Nilimwona Bosi akihama rangi. Kilichobaki cha usiku kilitumika kumnyang'anya Sensei kibweta cha saruji kwa maneno laini, huku mke wake akiwagawia wageni dango ambazo hazikuguswa na mwezi.

Asubuhi tulimleta fundi. Ni wa kazi ile inayowamba na kukarabati picha za kuning'iniza ukutani, milango na viwambo, mzee wa maneno machache, mkoba wake una brashi, koleo, karatasi za kufyonzea na kisu kisicho na makali cha mwanzi. Alianza na saruji.

“Haitoki miaka 20, ndiyo sababu hatuitaki,” alisema. “Gundi yetu ni wanga wa ngano uliopikwa na kuchujwa. Ikilowa maji kidogo inaachia. Kila kiwambo kitabanduliwa siku moja na mtu ambaye hajazaliwa, na ukimwekea saruji atabandua picha pamoja nayo.” Kuwambwa upya kila baada ya miaka 100 hivi ni jambo la kawaida kwa kazi hizi, na ndiyo maana gazeti peke yake halithibitishi kitu. Gazeti linataja siku ya ukarabati. Picha umri wake hutafutwa kwenye picha.

Akaomba kioo cha Sensei, akakisifu, akakitia tunduni. Kilichoonekana kilistahili tiketi. Kwanza fito. Juu ya fito karatasi iliyobanwa kwa gundi ili mifupa isicheze. Halafu safu za karatasi zilizopangwa kwa kulaliana, kila moja imegundishwa ukingo mmoja tu na kuachwa ikining'inia juu ya mwenzake. Mwisho karatasi zilizobandikwa kingo peke yake, katikati kuna hewa. Zile zilizolegea ndizo zinazoiokoa picha: mbao inanywa unyevu na kuvimba, inakauka na kunywea, na karatasi hizi zinateleza badala ya kuivuta picha ipasuke. Inafaa hewa ya chumba ikae kwenye unyevu wa asilimia 50 mpaka 60. Sensei alikuwa amewasha kiyoyozi mfululizo tangu Julai chumba kile kilipoandaliwa, na kwenye siku ya kuleta kiwambo hakukizima mpaka wageni walipoingia. Kizibo cha mbao chenyewe kilikuwa kimeshanywea miaka mingi nyuma, gundi imeshakuwa unga; kilikuwa kinasubiri bega.

Zile karatasi za ndani hazikuwa tupu. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo mafundi wa zamani waliwambia daftari kuukuu. Kiooni tukasoma, kinyumenyume, hesabu za mtu wa mafuta ya taa zilizoandikwa kwa brashi, nani kalipa na nani bado. Wanahistoria wa Japani hupata kesi, barua na madeni humohumo ndani ya milango. Hakuna gazeti lolote mle. Gazeti lilikuwa kwenye kizibo tu.

“Sasa tazama ukingo,” fundi akasema. Vijia vya wadudu vilivyopita kwenye picha vilikuja mpaka mdomoni mwa tundu vikakoma. Juu ya kizibo hapakuwa na kijia hata kimoja. Wadudu walishakula na kuondoka kabla kizibo hakijazaliwa. Dhahabu ya kizibo ilikuwa kipande kimoja. Ya picha ilionyesha mistari hafifu ya mraba, pale ambapo kila jani la dhahabu limelalia jingine, na miraba yake ilikuwa midogo kuliko jani la leo linalotoka Kanazawa, ambalo ni milimita 109 kila upande. Hilo nalo halitoshi peke yake, kwa sababu anayetaka kudanganya anaweza kukata majani madogo.

“Kinachotosha ni hiki.” Akaizungushia ncha ya mwanzi ile rangi ya kahawia nyepesi inayolizunguka tundu.

“Ukungu,” Sensei akasema kwa sauti ya chini, kama anayejua kwamba habari inayokuja si njema.

“Uchafu wa vidole. Mtu anafungua mlango, kidole kinaingia kwenye kishikio, vingine vinagusa pembeni. Jasho, mafuta ya mikono, masizi ya taa. Doa la namna hii linahitaji watumishi wengi na miaka mingi. Limepita chini ya dhahabu ya kizibo pale ilipozidi ukingo. Kwa hiyo mwaka 1898, huyu aliyeziba alikuta mlango umeshachakaa kwa kufunguliwa.”

Bosi akapumua kwa mara ya kwanza tangu usiku. Sensei akatazama lile duara la jasho kwa muda mrefu. Nilidhani atadai pesa zake. Badala yake akauliza kama inawezekana kumficha rafiki yake habari za ukungu, maana shairi lilishaandikwa kwa brashi na kupelekwa kufremiwa.

Kazi ya kizibo ilianzia kwenye anko. Fundi aliiacha ikauke, akaibandua kwa mwanzi, mabaki akayadokoa kwa pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa kwenye karatasi ya kufyonza. Upande wa dhahabu hakuugusa kwa maji hata kidogo: dhahabu hushikwa na gundi ya ngozi iitwayo nikawa, na gundi hiyo ikilowa inaiachia dhahabu ijiendee. Gazeti alilitoa zima, kwa kuwa wino wa chapa una mafuta na hauchuruziki kama wa rangi za maji, akalipa Sensei ndani ya bahasha. Kizibo kipya kitakuwa cha mbao ya kiri, karatasi ya Mino juu yake, na kile kipande cha dhahabu ya 1898 kitarudishwa palepale. Mke wa Sensei alipendekeza vinunuliwe vishikio vya shaba kwenye soko la hekalu la Toji la tarehe 21 virudishwe, watu waache kutunga mashairi. Fundi akakataa; kishikio kisicho cha nyumba ile kitakuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Wakati tunazungumza, Sensei alikuwa ameshasogea upande wa kushoto. Anagonga mwezi wa pili kwa mpini wa kioo, sikio karibu. “Tangazo limekatwa katikati,” akasema. “Nusu yake nyingine lazima iko humu.”

Fundi akaenda, akagonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake, mzito na mfupi. “Hiki kimeshika vizuri. Hakiguswi.”

“Kidogo tu, tukione.”

“Sensei, katika kazi yako umewahi kung'oa jino zima ili uone mzizi wake?”

Sensei akafikiri kwa uaminifu. “Mara moja,” akasema. “Lakini yule alikuwa mkaguzi wa kodi.”

Fundi akafunga mkoba, akatuambia mimi na Bosi tukifunge kiwambo, tukivike kitambaa na kukipeleka karakana sasa hivi, paneli zote mbili, na kile kioo tukiache.